Brashi Niliyoilamba Dukani

Katika mtaa wetu hakuna anayejua brashi za kunyolea ndevu kunishinda mimi. Wanaume na ndevu zao waje wakae chini niwafundishe. Nimeyasema hayo sokoni, nimeyasema kwenye foleni ya maji, na nimeyasema mbele ya kinyozi mwenyewe akiwa na mkasi mkononi. Ukweli ni kwamba tangu nizaliwe nimenunua brashi moja tu, na hiyo moja niliilamba dukani watu wakinitazama.

Ngoja nieleze mwenyewe, maana yameshasemwa mengi, na mengine nimeyaeneza mimi.

Mume wangu ni mwandishi wa mabango. Si mwandishi wa vitabu, yule hukaa kwenye kiti akafikiri. Huyu wangu alipanda ngazi na kopo la rangi akaandika DUKA LA DAWA, HAPA TUNASHONA, USIKOJOE HAPA. Mtaa mzima ulisoma mwandiko wake ukidhani unasoma matangazo. Watu walimwita Herufi, na mimi baada ya kumzalia watoto wanne nilimwita Herufi vilevile, isipokuwa nikikasirika, hapo huwa ni Mzee. Miaka arobaini na mitatu aliandika kwa mkono wa kulia, na sikuona mstari wake umepinda hata siku alizotoka nyumbani tumegombana.

Kisha asubuhi moja alikuwa anafunga kamba ya kiatu, kamba ikamshinda. Akacheka. Akajaribu tena, ikamshinda tena, na kicheko chenyewe kikatokea upande mmoja wa mdomo. Kumbe ni kiharusi.

Hospitali walimtunza, nawashukuru, na nitawashukuru mpaka siku yangu. Alirudi anatembea kwa fimbo, maneno yanatoka polepole lakini yanatoka, akili yote ipo, na ubishi wote upo. Kilichobaki nyuma ni mkono wa kulia. Ulining'inia kama mkono wa sweta iliyoanikwa. Daktari alitukalisha akatuambia bila kuzunguka: mkono huu unaweza kurudi, lakini uanze kazi sasa. Miezi hii ya mwanzo ikipita umelala, utalala moja kwa moja. Akampa mpira mdogo wa kuminya, mara mia asubuhi, mara mia jioni.

Mpira aliuminya siku mbili. Siku ya tatu akauweka dirishani.

"Mimi si mtoto wa kupewa mpira," akasema. "Huu ulikuwa mkono wa kazi. Kazi imekufa, acha na mkono upumzike."

Jioni hiyo akaniagiza nizigawe brashi zake za kuandikia kwa mtu yeyote nimpendaye. Nikaitikia ndiyo. Mimi ndiyo yangu huwa haina haraka.

Halafu zikaja ndevu. Herufi alikuwa mtu wa kunyoa kila asubuhi, kwa sabuni ya kipande, vidole vyake na wembe, kwa sababu alisema mtu anayeandikia watu mabango naye ni bango. Sasa ndevu zikaota zinavyotaka, nyeupe hapa, nyeusi pale, akawa kama godoro lililopasuka. Akakataa kutoka nje kukaa barazani. Wageni wakija ananiambia, "Waambie nimelala." Na kweli alikuwa amelala, macho wazi, uso ukutani.

Nikaamua kumnyoa mwenyewe. Nikampaka sabuni ya kuogea kwa kiganja, nikashika wembe wa plastiki. Siku ya kwanza nilimkata mara tatu. Siku ya pili mara tano. Nikaona naendelea vizuri, lakini yeye hakuona hivyo.

"Mwanamke," akasema huku nimebandika vipande vya karatasi kwenye damu, "kama unataka mirathi, sema."

Nikaenda kwa kinyozi wetu, ng'ambo ya barabara. Ni mtu wa makamo, kichwa chake hakina unywele hata mmoja, nami humwambia kwamba alianza kwa kujinyoa mwenyewe akasahau kuacha. Nikamweleza. Akacheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu bango la juu ya mlango wake, ambalo sasa limefifia halisomeki, aliliandika Herufi siku kinyozi huyu anafungua kazi.

"Bibi, wembe hauna kosa," akasema. "Unamnyoa pakavu. Sabuni ya kiganja inalala juu ya ngozi. Ndevu za mzee ni ngumu, zinataka maji ya moto na povu zito, tena povu liingie chini yake lizinyanyue. Hilo hulipati bila brashi."

"Basi niazime yako."

"Mimi natumia mashine ya umeme. Brashi alikuwa nayo marehemu baba." Akanielekeza duka la vifaa vya saluni, mtaa wa nyuma.

Nilirudi nyumbani kuchukua mkoba. Nikasema tu, kwa mgongo wa mtu aliyelala, "Naenda kununua brashi."

Ule mgongo ukageuka.

"Brashi gani?"

"Ya ndevu."

"Ya nywele gani?"

"Ya nywele, basi."

"Nywele za nini?" Akajiinua kwa kiwiko. "Usiniletee fagio. Brashi hainunuliwi kwa macho. Ilowe kwanza. Ikung'ute mara moja. Ipitishe mdomoni uone inavyojikusanya. Halafu ikunje: brashi nzuri ukiikunja inarudi ilikotoka. Ikilala, iache hapohapo dukani."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu atoke hospitali. Nilitamani ayaseme tena. Kwa hiyo nikajifanya sikusikia, nikauliza, "Unasema inarudi wapi?" Akayasema tena, kwa hasira zaidi, hata neno moja halikumkwama. Nikatoka nje nacheka peke yangu barabarani kama mwehu.

Duka lenyewe lilinukia poda na mafuta ya nywele. Mashine za kunyolea zilining'inia ukutani kwa nyaya zao, na kulikuwa na picha kubwa ya vichwa ishirini vya wanaume, kila kichwa kina namba, uchague unayotaka kufanana naye. Muuzaji alikuwa binti mwenye kucha ndefu za kijani. Alidhani nataka brashi ya kupakia rangi ya nywele. Nikamwambia mvi zangu nimezitafuta kwa shida, sizipaki kitu. Nataka brashi ya povu, ya mume wangu.

Akaweka tatu juu ya kioo cha meza. Alizieleza vizuri, kwa adabu, akionyesha kwa ukucha. Ya kwanza nyuzi zake za kiwandani, hainuki, inakauka upesi, haina masharti. Ya pili manyoya ya mnyama wa nchi za baridi, jamaa wa nyegere, laini sana, inakunywa maji mengi, na bei yake alisema nikae kwanza. Ya tatu nywele za nguruwe, ngumu, mpini wa mti.

"Nipe maji kikombeni," nikasema.

Akanipa. Nikaanza na ya bei, maana kugusa ni bure. Nikailoweka, nikaikung'uta, nikaibonyeza nyuma ya kiganja. Lo, ilikuwa laini kama shavu la mtoto aliyeoga. Lakini nilipoikunja ikalala upande, ikatulia, kama mume aliyeshiba. Haikurudi. Nikaiweka. Ile ya kiwandani ikarudi upesi mno, kabla sijamaliza kuikunja, kama jibu la mtu aliyelipanga nyumbani. Nayo nikaiweka.

Nikashika ya nguruwe. Nikailoweka, nikaikung'uta. Hapo nikakumbuka sharti la tatu. Nikaipeleka mdomoni nikaipitisha kati ya midomo, polepole, kama nilivyomwona Herufi akifanya maisha yake yote kabla ya kuanza herufi mpya.

Duka lote likageuka kunitazama. Mzee mmoja aliyekuja kutengenezewa mashine akamwambia mwenzake, "Bibi ana njaa."

"Bibi," binti akasema kwa sauti ya chini, "hiyo ni ya ndevu."

"Najua, mwanangu. Naangalia kama ina tabia."

"Inayo?"

"Ina ladha ya zizi. Tabia bado natafuta."

Nikaikunja. Ikakataa kidogo, kisha ikakubali, kisha nilipoiachia ikarudi yenyewe, bila haraka, ikasimama pale ilipokuwa. Nikaikunja tena. Ikarudi tena.

"Nataka hii."

Binti alikuwa mkweli, Mungu ampe mume mwenye ndevu laini. Akasema wengi huanza na hiyo kisha huirudisha, kwa sababu majuma ya kwanza inachoma na ikilowa inanuka. "Inataka kufunzwa, bibi. Kila siku uipige povu, hata kama hunyoi. Ncha za nywele zinapasuka kidogo kidogo, zinakuwa laini, lakini uti wake unabaki. Maji ya moto sawa, ya kuchemka usithubutu, gundi itaachia. Ukimaliza itundike, nywele zitazame chini."

"Kuifunza inachukua siku ngapi?"

"Mwezi, mmoja na nusu. Inategemea mkono."

Ningependa kusema hapo ndipo nilipopata akili, nikapanga yote yaliyofuata. Sikupanga kitu. Niliichukua kwa sababu ilirudi, na kwa sababu nilikwisha kuilamba, na mtu mwenye heshima zake hulipia alichokilamba.

Nyumbani Herufi alikuwa ameketi kitandani, ananingoja. Nakwambia ameketi. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, akazipekua nywele kwa kidole gumba, akainusa, akakunja pua.

"Umeilowesha?"

"Nimeilowesha."

"Umeikunja?"

"Imerudi mara mbili."

Akanitazama. "Usiniambie uliipitisha mdomoni."

"Si ulisema?"

"Mbele ya watu?"

"Watu watatu na muuzaji."

Mdomo wake ukaanza kupanda, upande mmoja, kisha na ule mwingine ukajivuta ukafuata. "Inayopita mdomoni ni ya kuandikia, bibie. Ile ina ncha, unaitafuta ncha. Hii ni kichwa kizima, ncha utaipata wapi?"

"Ulisema brashi. Hukusema ipi ilambwe na ipi isilambwe."

Alicheka mpaka akahitaji leso, na mimi niliyekuwa nimepata aibu ya mwaka mzima mbele ya picha ya vichwa ishirini nikaona aibu hiyo ilikuwa rahisi sana, ningeilipia mara mbili.

Alipomaliza kucheka akairudia brashi. "Ngumu. Haijafunzwa hii."

"Muuzaji amesema ipigwe povu kila siku."

"Nani ataipiga?"

"Mimi."

Tulinyolea chumbani, mbele ya kabati letu la nguo, kwa sababu mlango wake una kioo kirefu na dirisha liko pembeni, mwanga unaingia vizuri. Nikaweka beseni juu ya kigoda, taulo begani, bakuli la bati, kipande cha sabuni ndani yake. Nikalowesha brashi kwenye maji ya moto. Chumba kikanuka kama kuna mnyama chini ya kitanda. Nikajikaza kisabuni, nikaanza kukoroga. Maji yakajaa, mapovu makubwa yakapanda na kupasuka, mengine yakaniruka machoni.

"Unaosha vyombo?" akauliza Herufi.

"Napiga povu."

"Maji mengi. Kung'uta brashi kwanza. Usibonyeze hivyo, unaivunja mgongo. Zungusha, zungusha na kiwiko kitulie."

Siku ile ya kwanza nilikuwa sijui kweli. Siku ya pili nilikuwa nimeshajua, maana si kazi ngumu, ni kama kupiga mayai. Lakini nilikuwa nimemwona alivyokuwa anaangalia bakuli lile. Miaka arobaini na mitatu mtu amechanganya rangi, akajua kwa macho tu kama ni nzito au nyepesi, halafu mkewe anamharibia povu mbele yake. Vidole vya mkono wake wa kulia, uliolala pajani, vilikuwa vinacheza. Kidogo tu. Kama mtu anayeota.

Basi nikalizidishia maji.

Siku ya tatu nikalizidishia tena, na brashi nikaibonyeza mpaka nywele zikatawanyika kama jua lililochorwa na mtoto wa darasa la kwanza. Herufi alivumilia akashindwa. "Lete hapa, utaiua," akasema, akainyakua kwa mkono wa kushoto. Lakini wa kushoto haujui kazi, na bakuli halikuwa na wa kulishika. Akalibana kati ya magoti. Akakoroga kwa kushoto, ikaenda mrama. Akatulia. Akautazama mkono wa kulia kwa muda mrefu, kama unavyomtazama ndugu uliyekosana naye kabla ya kumwomba kitu. Kisha akauinua kwa kushoto, akauweka juu ya mpini.

Vidole havikufunga. Brashi ikaanguka bakulini. Akauweka tena. Ikaanguka tena.

"Mpini mwembamba," akasema.

Nilikwenda uani nikakata ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, nikauzungushia mpini mpaka ukanenepa kama muhogo, nikaurudisha. Akaushika. Vidole vitatu vikakubali, viwili vikabaki nje kama wakwe waliokosana na wenye nyumba. Akazungusha mara moja. Mara mbili. Ya tatu brashi ikaruka, povu likatua kwenye pazia.

"Pazia nalo lilikuwa na ndevu," nikamwambia.

Kila asubuhi ikawa hivyo. Mpira wa hospitali uliendelea kukaa dirishani bila kuguswa, lakini brashi ilizungushwa, kwanza mara kumi, kisha hamsini, kisha akaacha kuhesabu, kwa kuwa brashi haijui kuhesabu, inajua povu tu: limesimama au halijasimama. Alitukana sabuni, alitukana maji, alimtukana nguruwe na ukoo wake. Mimi nilikaa kwenye ncha ya kitanda na taulo langu, nimeshika tama, nasubiri kama mteja. Nikimwona amechoka nasema, "Niendelee mimi?" na hapo anazungusha tena kwa nguvu.

Juma la nne, asubuhi, alinyanyua brashi kutoka bakulini akaigeuza juu chini. Povu halikudondoka. Lilikaa pale limejikunja ncha, jeupe, zito.

"Haya," akasema. "Hiyo ndiyo rangi."

Na kunyoa kwenyewe kukageuka. Nilimwekea taulo lenye maji ya moto, nikampaka povu kwa mizunguko midogo, kuanzia chini ya sikio, nikishuka kwenye taya, nikipanda kidevuni. Nywele za brashi zilikuwa zimeshapasuka ncha, zilikuwa laini sasa, hazichomi, lakini ukibonyeza unausikia uti ndani. Harufu ya zizi ilikwisha siku gani sijui. Upande ule wa uso uliolegea nilimvuta ngozi kwa kidole gumba, wembe ukapita bila neno. Wala sikumkata. Karatasi zangu za kubandika nikazirudisha jikoni.

Nitasema jambo ambalo mtu wa umri wangu angeweza kulinyamazia. Nimelala kitanda kimoja na mtu huyu miaka mingi, na sikuwa naujua uso wake. Nilijua sura yake, kama anavyoijua kila mtu anayepita barabarani. Sikujua kwamba chini ya taya lake la kushoto ndevu zinaota kwa mzunguko, kama maji yanayoshuka shimoni. Sikujua ana kovu dogo chini ya mdomo. Nilipomuuliza akasema alianguka kutoka kwenye ngazi mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, akaogopa kuniambia, ningemkataza kazi. Ningemkataza kweli. Kila asubuhi niliposhika kidevu chake nikakigeuzia kwenye mwanga nilikuwa nashukuru, nashukuru kimyakimya, kwa sababu ningesema kwa sauti angejua nimefurahi na angeanza kuniringia.

Akaanza kutoka nje kukaa barazani. Wageni wakija haniambii tena kwamba amelala; anawaambia kwamba mkewe analamba brashi madukani. Kliniki, dada anayemfanyisha mazoezi ya viungo aliposhika mkono wake alishangaa. "Mzee, umeuminya mpira barabara." Herufi akasema, "Sana." Nikatazama dari.

Kisha kinyozi akaja kutusalimia. Nilimwambia nina deni la shukrani kwake, akasema shukrani haziliwi lakini atazipokea. Akalipima povu la Herufi kwa kidole, akatikisa kichwa chake kinachong'aa.

"Mzee, hili hata baba hakulipiga."

"Brashi nzuri," Herufi akasema.

"Brashi, na mkono." Akakaa kidogo, akakohoa. "Mzee, bango langu limekufa. Watu wanapita wanadhani nauza mkaa. Nimeambiwa kuna vijana wanachapa kwenye plastiki, lakini mimi sitaki plastiki. Nataka uliandike wewe, kama mwanzo."

Nilimwona Herufi akifungika palepale, kama duka linavyofungwa saa ya mvua. Akauvuta mkono akauweka pajani.

"Mkono huu unapiga povu tu," akasema. "Kalamu haushiki, wembe haushiki. Kuandika ni kitu kingine. Bango liko juu, kila mtu anasoma. Nikikosea nitakosea mbele ya dunia. Tafuta hao vijana."

Kinyozi hakumlazimisha. Mimi pia sikumlazimisha, ingawa usingizi uliniruka kwa mambo hayo. Nilishapewa mume anayeketi barazani. Nikajiambia, mwanamke, usiwe mlafi, mkono ukiishia kwenye bakuli utosheke nao. Siku mbili tatu nilimuuliza, "Mkono vipi?" Akajibu, "Uleule." Akanipa uso nikamnyoa, na nilifurahi kumnyoa, kwa hiyo sikuchimba.

Juma lililopita niliaga naenda sokoni. Aliniuliza nitakawia? Nikasema nitakawia, kuna foleni ya mayai. Nilifika nusu ya njia nikagundua sitaona bei: miwani nimeiacha juu ya friji. Nikarudi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, nyumba kimya, na mimi nikivaa kandambili huwa sisikiki, nilijifunza zamani watoto walipokuwa wadogo. Nikachukua miwani, nikachungulia chumbani.

Alikuwa amesimama mbele ya kabati, hana fimbo. Bakuli la povu liko juu ya kigoda. Aliponiona kwenye kioo akageuka upesi, kwa upesi usiomfaa mtu wa kiharusi, akasimama kati yangu na kioo.

"Umerudi mapema," akasema.

"Nilisahau miwani. Mkono vipi leo?"

"Ah." Akauachia ukashuka polepole, ukaning'inia ubavuni, hata bega akalilegeza kusudi lilingane. Brashi ilikuwa bado mle mkononi. "Leo umelala kabisa. Hata povu nimelipiga kwa taabu. Itabidi uninyoe wewe."

"Nitakunyoa, kwa nini nisikunyoe." Nikavaa miwani. Yeye ni mwembamba, na kioo cha kabati letu ni kipana. Mtu akikuficha kitu kwa mgongo lazima awe na mgongo. "Na haya?"

"Yapi?"

"Haya yaliyoandikwa."

Akageuka akakitazama kioo kama mtu aliyeletewa kioo kipya nyumbani. Neno lilikuwa KINYOZI, limeandikwa kwa povu, mara tatu, moja juu ya nyingine. La juu limelewa, herufi zinaegemeana zisianguke. La kati limesimama kwa fimbo. La chini lilikuwa limenyooka, povu lake limeminywa bapa, pembe zimekatwa, na nyuma ya kila herufi kumepitishwa mstari mwembamba wa kivuli.

"Ni povu tu hilo," akasema. "Limeruka."

"Limeruka likaandika KINYOZI."

"Ukizungusha sana linaruka."

"Mara tatu?"

"Povu la sabuni ya siku hizi, bibie, huwezi kulijua."

Nikasogea karibu na kioo. Nikainama, nikaitazama ile Z ya chini kwa makini, kama mtu mwenye elimu yake. "Basi ni povu la kulisomesha," nikasema. "Ila kivuli limekiweka upande usio wake."

"Upande usio wake vipi?" Sauti yake ikapanda, mkono wa kulia nao ukapanda, brashi ikaelekezwa kwenye Z. "Pale kwake jua linapiga kutoka kushoto asubuhi nzima, kivuli utakiweka wapi kama si kulia? Nimekwenda kusimama chini ya mlango wake siku mbili nikiliangalia, wewe unaniambia..."

Aliitazama brashi, akautazama mkono ulioishika juu hewani, wala haukutikisika, kisha akanitazama mimi.